UZI: Kumpeleka mtoto wa miaka 2 hadi 5 kwenye bustani za maji za Dubai na Abu Dhabi

#1 – Mkazi_wa_Deira

Wakuu, salaam. Kila likizo ya shule ikikaribia swali linarudi lile lile: "Nakuja Dubai na mtoto wa miaka mitatu, nimpeleke bustani gani ya maji?" Nimeona nishushe uzi mmoja wenye nyama, wengine mtaongezea. Nazungumzia watoto wa miaka 2 hadi 5 tu. Mwenye kijana wa miaka kumi na mbili mahitaji yake ni mengine kabisa.

Jambo la kwanza ni kimo cha mtoto. Umri na bei ya tiketi vinafuata. Wild Wadi, mitelezo mingi mikubwa inataka mtoto awe na mita 1.1. Aquaventure, mingi inataka mita 1.2. Sasa chukua viwango vya ukuaji vya WHO: mtoto wa kawaida wa miaka 3 ana sentimita 95 au 96, wa miaka 4 ana 103, wa miaka 5 anagota 110, na 120 anaifikia kati ya miaka 6 na 7. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu au minne hatagusa mitelezo mikubwa popote pale, hata ulie. Unachomnunulia ni eneo la watoto, basi. Linganisha maeneo ya watoto, usilinganishe urefu wa mnara ambao mwanao atautazama kwa chini.

Mpime nyumbani kabla ya kumwahidi chochote. Miguu peku, visigino, makalio na mabega vigote ukuta, kitabu kigumu kilale bapa juu ya kichwa, weka alama kwa penseli, pima. Nywele hazihesabiwi, na kule mlangoni wanabonyeza afro mpaka wafike kwenye fuvu. Akiwa na 109 mwambie mapema kwamba hatapanda. Vilio vingi pale kwenye ubao wa kupimia vinatokana na ahadi aliyopewa mtoto nyumbani.

Sasa bustani zenyewe.

Wild Wadi ilifunguliwa 1999, iko ubavuni mwa Burj Al Arab. Imejengwa juu ya visa vya Juha, yule wa hadithi za Waarabu, na eneo la watoto ni jahazi lake na wangwa wake: mitelezo mifupi, bunduki za maji, ndoo zinazomwagika. Ubora wake kwa mwenye mtoto ni kwamba si kubwa sana. Choo, chakula na kivuli vyote viko karibu, na mtoto wa miaka mitatu akisema "mkojo" huna dakika tano za kutembea.

Legoland Water Park ilifunguliwa 2017, imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12. Kuna mto wa kuelea ambao mtoto anajijengea boti lake kwa matofali makubwa laini huku maji yanamsukuma, na kuna kona ya wadogo kabisa. Kasoro ni umbali: iko kwenye barabara ya kwenda Abu Dhabi, mbele ya Jebel Ali. Kutoka Deira, mtaa wa Dubai, teksi itakuuma.

Yas Waterworld ya Abu Dhabi ilifunguliwa 2013. Hadithi yake ni ya uzamiaji wa lulu: binti anayeitwa Dana anaitafuta lulu iliyopotea. Wadogo wana viwanja vyao.

Aquaventure, pale hoteli ya Atlantis kwenye kisiwa cha Palm, ilifunguliwa 2008 na imeongezwa sana tangu hapo. Ni kubwa mno. Eneo la watoto ni zuri, ila ukienda na mtoto mmoja wa miaka mitatu peke yake unalipia mitelezo ya watu wengine. Ina maana kama familia ina wakubwa pia na mpo watu wazima wawili wa kugawana.

Mtoto ana chini ya mita moja, chaguo langu ni Wild Wadi au Legoland.

Siku: tangu Januari 2022 wikendi ya Emarati ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Nenda Jumatatu hadi Alhamisi. Miezi mizuri ni Novemba, Machi na Aprili. Januari jua lipo ila halijoto ya mchana inacheza kwenye nyuzi 24 na upepo wa baharini unamkata mtoto aliyelowa. Julai na Agosti ni zaidi ya 40. Saa tatu za maji zinamtosha mtoto wa umri huu, hata kama tiketi ni ya siku nzima.

---

#2 – Chausiku_Tabata

Ahsante mkuu. Swali: pampasi za kawaida zinafaa kwenye maji au lazima zile za kuogelea? Nimeambiwa zile za kuogelea hazizuii mkojo, sasa faida yake nini?

---

#3 – FundiBwawa_Sharjah

Chausiku, umeambiwa kweli. Pampasi ya kuogelea haizuii mkojo. Kazi yake ni kukamata choo kigumu kwa muda ili uwahi kumtoa. Ile ya kawaida ina chembechembe za kunyonya: ndani ya maji inanyonya mpaka inavimba, inamvuta mtoto chini, kisha inapasuka na ule ute unatapakaa bwawani. Bustani zote zinaikataa. Chukua za kuogelea zisizopungua nne kwa siku, na juu yake vaa chupi ya kuogelea yenye mpira wa kubana mapajani. Kagua kila nusu saa, isizidi saa moja. Kubadilisha ni chooni, usimbadilishie kwenye kiti pembeni ya bwawa, maana yanayodondoka pale yanarudi majini.

Na msijidanganye kwamba klorini inaua kila kitu papo hapo. Kwa maji yenye klorini miligramu 1 kwa lita, bakteria wa E. coli hufa chini ya dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A vinachukua dakika 16 hivi. Kimelea cha Giardia dakika 45. Kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, ambacho ni mfalme wa kuharisha watoto mabwawani, kinastahimili zaidi ya siku kumi. Siku kumi, si dakika. Hapo ndipo ujue kwa nini mtoto anayehara haingizwi majini hata akiwa na pampasi tatu: kinyesi cha majimaji hakizuiliwi na pampasi yoyote, na akimeza maji mtoto wa jirani ameshaambukizwa kabla ya mitambo kufanya lolote.

Jingine ambalo watu hulielewa kinyume. Ile harufu kali inayochoma pua na kuwasha macho haimaanishi klorini imezidi. Ni klorini iliyokwisha kugongana na jasho na mkojo ikageuka kloramini. Bwawa lililotunzwa halinuki hivyo. Ndiyo maana ya kuoga kabla ya kuingia: dakika moja chini ya bomba inaondoa sehemu kubwa ya jasho, losheni na uchafu unaokula klorini. Wengi wanapita kwenye lile bomba kama wanaruka moto.

Maeneo ya watoto yana shida yake pia. Maji yakirushwa hewani kwa matone madogo, klorini inapotea upesi kuliko bwawa lililotulia, na jua nalo linaivunja. Mafundi wanapima mara kwa mara kwa sababu hiyo. Ukiona wahudumu wamefunga chemchemi kwa nusu saa wakipima, usiwagombeze.

---

#4 – Mwokoaji_Nyali

Niongeze upande wa uangalizi. Mwokoaji wa bwawani anafunzwa kukagua eneo lake lote kwa sekunde 10 na kumfikia mwenye shida kwa sekunde 20. Mtoto mdogo anaweza kuzama kabisa kati ya sekunde 20 na 60. Hesabu hiyo haina nafasi kwa mzazi anayepiga picha. Kwa mtoto asiyejua kuogelea kanuni ni moja: mkono wako umfikie bila wewe kupiga hatua. Maji ya magoti yako ni maji ya kifua chake.

Tena kuzama hakuna kelele wala kupunga mikono. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, nywele zimefunika macho, mikono inasukuma chini kama anapanda ngazi. Hawezi kuita kwa sababu pumzi yote inatafuta hewa. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akanyamaza ghafla, mtazame kwanza.

Mkiwa watu wazima wanne mtoto yuko hatarini kuliko mkiwa wawili, maana kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mmoja awe zamu, dakika 15, simu iko kabatini. Makabidhiano yawe kwa mdomo: "Nakuachia." "Nimempokea." Bila jibu hujaachia.

Nguo ya kuogelea: rangi ya machungwa, njano ya kung'aa au waridi kali. Buluu, samawati na nyeupe zinapotea chini ya maji, hasa uso wa maji ukiwa unatikisika. Duka linauza za buluu nyingi kwa sababu zinapendeza.

---

#5 – Kidume_Ubungo

Wakuu mbona mnatisha? Yale maboya ya kuvaa mikononi ya kupuliza si yapo, elfu tano Kariakoo. Mtoto anaelea mwenyewe, mzazi unapumzika.

---

#6 – Mwokoaji_Nyali

@Kidume_Ubungo hapo kwenye "unapumzika" ndipo penye tatizo. Mkono uliolowa na kupakwa losheni unateleza, boya linatoka. Likitoboka kidogo hulioni likipungua. Tena linamzoesha mtoto kusimama wima majini na kuamini anaelea, siku akiingia bila boya anaingia na imani ile ile. Ni kitu cha kuchezea.

Kinachofaa ni jaketi okozi. Bustani kubwa kwa kawaida wanatoa bure, ila saizi ndogo huisha mapema, kwa hiyo ukifika anzia hapo. Jaketi huchaguliwa kwa uzito: kuna la watoto chini ya kilo 14 hivi, na kuna la kilo 14 hadi 23. Funga vifungo vyote pamoja na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kisha mshike kwenye mabega ya jaketi umnyanyue kidogo. Jaketi likipanda mpaka kidevuni au masikioni ni kubwa, badilisha. Kumvalisha kubwa "akue nalo" tuache kwenye viatu vya shule.

Na hata na jaketi, mkono wako uko pale pale.

Bwawa la mawimbi: mawimbi huanza baada ya king'ora na hukaa kwa vipindi. Kaa ukingoni, maji yasipite magoti yako, mtoto mbele yako mmeelekea mawimbi, umemshika kwapani na si kiganjani, maana kiganja kilicholowa kinachomoka. Wimbi lenyewe halina shida sana. Shida ni maji yanayorudi, yanamfagia miguu, na wale wakubwa wenye matairi wanaosukumwa na wimbi bila kuona nyuma. Usisimame kwenye njia ya matairi.

Mto wa kuelea: tairi lenye tundu katikati halimfai mtoto mdogo, anatumbukia kama sarafu. Tafuta la watu wawili au lenye kitako. Panda penye ngazi, mtu mzima akae kwanza, wa pili ampandishe mtoto. Uko peke yako? Muulize mhudumu akushikie tairi, ni kazi yake. Matairi mengi hupinduka wakati wa kupanda, si katikati ya mto.

---

#7 – Chausiku_Tabata

Nimeelewa. Na kupanda naye mtelezo nikiwa nimempakata? Ile midogo ya eneo la watoto.

---

#8 – Mwokoaji_Nyali

Usimpakate, dada. Na sehemu nyingi wamekataza. Mtoto akiteleza peke yake mguu ukikwama kwenye ukingo, anasimama, kwa sababu uzito wake ni kilo 14 tu. Akiwa mapajani mwako mguu unakwama na kilo zako 70 zinaendelea kushuka. Mfupa wa muundi unasokotwa unavunjika. Majeraha haya yanajulikana sana kwenye bembea za kuteleza za kawaida, na maji yanaongeza kasi.

Mtelezo mdogo ashuke mwenyewe, amekaa au chali kadiri ubao wa maelekezo unavyosema, miguu mbele. Wewe usimame chini pembeni ya mdomo wa mtelezo. Ukisimama mbele yake mtagongana vichwa. Akifika tu muondoe, maana nyuma yake kuna mwenzake.

Ile ndoo kubwa ya juu: kabla haijamwagika kuna kengele au utaona inaanza kuinama. Maji yanapiga paa kwanza kisha yanasambaa, lakini kwa mtoto wa miaka miwili ni kama nyumba imeanguka. Mpeleke pembeni kabisa mara ya kwanza, atazame. Akitaka mwenyewe kusogea, atasogea.

---

#9 – Nesi_Mikocheni

Nimesoma nikaona upande wa afya haujaguswa.

Baridi kwanza, maana wengi wanadhani Dubai hakuna baridi. Maji yanachukua joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, na mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, anapoa upesi kuliko wewe uliyesimama naye. Usisubiri atetemeke. Kwa mtoto mweusi usitafute ubuluu kwenye ngozi: mfungue mdomo, angalia midomo kwa ndani, ulimi, na kucha. Utaratibu mzuri ni dakika 20 majini, 10 nje kwenye taulo kavu. Taulo moja liwe la akiba kwenye mfuko usiopitisha maji, lisiguswe hadi mwisho.

Kosa kubwa liko baada ya maji: mtoto kalowa, anaingizwa mgahawani au kwenye teksi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20. Mkaushe, mbadilishe nguo mpaka ya ndani, ndipo muingie.

Hili ni muhimu zaidi kwa mtoto mwenye selimundu. Kupoa ghafla na kukosa maji mwilini vyote viwili vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Kama daktari wake ameruhusu, chagua mwezi wa joto la wastani, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, dakika 10 hadi 15 majini, anywe maji kila akitoka hata kama hana kiu. Dawa zake ziwe kwenye begi la kubeba mkononi, si hotelini. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima aliyemgusa muda wote na jaketi okozi. Mwenye pumu, bomba lake la kuvuta liwe karibu na bwawa.

Jua. Ngozi nyeusi ina kinga yake lakini haitoshi kwa jua la Ghuba. Losheni ya SPF 30 au zaidi, paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili na kila ukimkausha kwa taulo. Sehemu zinazosahaulika ni juu ya masikio, nyuma ya magoti, na mstari wa ngozi kati ya nywele zilizosukwa. Mtoto chini ya miezi sita hapakwi, anakaa kivulini. Mwenye ualbino avae nguo ya kukinga miale mwili mzima, kofia yenye ukingo unaofunika shingo, na aepuke saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwenye bustani ambazo hufungwa jioni hiyo inakuachia muda mfupi sana, na afadhali muda mfupi.

Akimeza maji akakohoa dakika mbili tatu akarudi kucheza, hakuna neno. Akiendelea kukohoa, akapumua kwa shida au haraka, akatapika, au akalegea na kusinzia isivyo kawaida ndani ya saa nane zinazofuata, hospitali.

Ikitokea amezama na hapumui: toa majini, mlaze chali kwenye kitu kigumu, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5 ukifunika mdomo wake kwa mdomo wako, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa kina cha theluthi moja ya kifua, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, endelea hivyo. Msimning'inize kichwa chini wala kumkanda tumbo "maji yatoke". Hayo maji tumboni si yanayomuua, na akitapika yanaingia mapafuni. Gari la wagonjwa Emarati ni 998, polisi 999.

---

#10 – BintMaskati

Assalaam alaykum. Mie niseme ya mavazi na begi, wanaume humu hawatayataja.

Mtoto avae kitambaa cha kuogelea, si pamba. Pamba inanyonya maji inakuwa nzito na inambana, tena zipu na vifungo vya chuma vinakwaruza mitelezo, ndiyo maana wanakurudisha mlangoni. Mama mwenye stara burkini inaruhusiwa, watu wanavaa kila siku. Dera, kanga, baibui na jinzi havikubaliwi majini. Bora uende umeshaivaa chini ya nguo, usihangaike na mtoto anayekimbia chumba cha kubadilishia.

Vueni shanga. Za nywele zinachomoka na mwengine atazikanyaga, na za kiunoni na uzi wa mkononi zinanasa kwenye mitelezo. Hereni za kuning'inia nazo ziacheni hotelini. Nywele ndefu zifungwe kabisa, na mtoto asikae karibu na matundu ya kunyonyea maji ya bwawa, nywele zikivutwa mle haziachii. Chemchemi zile zinazoruka kutoka sakafuni watoto wanapenda kukalia. Msiwaache, dada zangu. Presha yake inaumiza sehemu za siri na njia ya haja, na mtoto hatakwambia.

Viatu vya maji vyenye soli ya mpira ni lazima kuanzia Aprili. Sakafu baina ya bwawa na bwawa inaunguza. Makubazi yanateleza na yanaelea, utayafukuzia.

Chakula cha nje kwa kawaida hawakubali ila cha mtoto mchanga. Chupa ya maji ya mtoto wengi wanaruhusu. Mpe kitu chepesi nusu saa kabla ya kuingia, ndizi na mkate hivi. Mtoto mwenye njaa anapoa haraka na analia haraka.

Kabla ya kupita mlangoni mpige picha akiwa amevaa atakavyoingia. Akipotea hutakumbuka alivaa nini. Nambari ya simu iandike kwenye bangili kwa kalamu isiyofutika, na iwe ya Emarati. Nambari ya Zanzibar iliyozimwa hotelini haimsaidii mtu.

Wanaotoka Maskati kwa gari: ni kilomita 450 kwa makisio na mpaka juu yake. Msifike mkaingia majini siku hiyo hiyo. Laleni.

---

#11 – Baba_Shamsa_Tanga

Sisi wa huku ambao Dubai ni ndoto, haya yanatusaidia vipi Kunduchi au Wild Waters ya Mombasa? Na mabwawa ya mahoteli?

---

#12 – FundiBwawa_Sharjah

@Baba_Shamsa_Tanga yote yanatumika, mzee wangu. Popote unapokwenda, kagua mwenyewe mambo haya kabla ya kulipa, hayahitaji kipimo.

Simama upande wa kina kirefu, tazama sakafu. Kifuniko cha tundu la kunyonyea maji kikionekana wazi mpaka vitundu vyake, maji yana uangavu unaokubalika. Kikiwa ukungu, ondoka; hapo hata mwokoaji hamuoni mtoto aliyezama. Kifuniko hicho hicho kiwe kimefungwa, hakijavunjika. Pitisha kidole kwenye ukuta chini ya usawa wa maji: utelezi maana yake kuna uhai unaota pale na klorini imeshuka. Sikiliza pampu, bwawa lililojaa watu na pampu imezimwa ni mtego. Kisha muulize mhudumu kwa upole wamepima saa ngapi na wamepata ngapi. Jibu zuri ni klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 7.2 hadi 7.8. Asiyejua unazungumzia nini ameshakujibu.

Muhimu kuliko yote: je, kuna mwokoaji ambaye kazi yake ni hiyo tu, amekaa juu, anatazama maji? Yule anayeuza soda na kuangalia bwawa kwa jicho moja simhesabu.

---

#13 – Mkazi_wa_Deira

Naongezea la kimo hapo: pasipo na ubao wa kupimia, tumia mita 1.1 kama kiwango chako mwenyewe kwa mtelezo wowote unaopinda au unaomaliziwa kwenye maji yanayompita kifua. Usimsikilize mhudumu anayesema "hamna shida, apite."

---

#14 – Chausiku_Tabata

La mwisho wakuu, nisamehewe. Tiketi yetu ni ya Jumanne. Mdogo ameanza kuhara jana usiku, leo asubuhi amehara mara mbili, ila anacheza vizuri. Tukimvalisha pampasi mbili je?

---

#15 – Nesi_Mikocheni

Hapana, mama. Haendi majini Jumanne, hata akiwa anacheza. Asubiri choo kirudi cha kawaida na zipite saa 48 bila kuhara. Hospitali wakisema ni Cryptosporidium, wiki mbili kamili. Mpe ORS kidogo kidogo, na zinki siku 10, miligramu 20 kwa siku kama amepita miezi sita. Piga simu bustanini leo, uliza kama tarehe inaweza kusogezwa, usingoje asubuhi ya siku yenyewe.

---

#16 – BintMaskati

Na wakikataa kusogeza, mkubwa aende na baba yake. Mdogo abaki nawe, mjazie beseni bafuni.